Harry Thuku: Kutoka kupigania ujira wa vibarua hadi bodi ya kahawa

BARABARA ya Harry Thuku jijini Nairobi si ndefu, na wengi waipitao kila siku huelekea chuoni, hotelini au kwenye shirika la utangazaji bila kujiuliza mwenye jina alikuwa nani. Wanaomkumbuka, humkumbuka kwa damu iliyomwagika Machi 1922. Ni wachache wajuao kwamba mzozo uliozaa mauaji hayo ulianzia mashambani, katika hesabu ya ujira wa kibarua na thamani ya sarafu.

Thuku alizaliwa mwaka wa 1895 huko Kambui, Kiambu, akasomeshwa na wamishonari kwa miaka michache. Aliingia Nairobi mnamo 1911 akiwa kijana wa miaka 16. Baadaye alipata kazi ya kupanga herufi za chapa katika gazeti la walowezi, The Leader. Mtu awezaye kusoma Kiingereza hangekosa kujifunza mengi hapo, kwa kuwa uhaba wa vibarua mashambani ulikuwa wimbo wa kila siku wa wasomaji wa gazeti hilo. Mwaka wa 1918 aliajiriwa kuwa mpokezi wa simu katika Hazina ya serikali. Huko nako fedha za koloni zilikuwa karibu na masikio yake.

Fedha hizo zilikuwa zimeingia matatani. Walowezi wengi walikopa benki kwa rupia na kuuza mazao yao ng'ambo kwa pauni. Hapo awali rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja. Mwaka wa 1920 serikali ya Uingereza iliamua kwamba rupia moja ihesabiwe kuwa shilingi mbili, yaani rupia 10 kwa pauni. Mlowezi aliyekuwa na deni la rupia 15,000, ambalo zamani angelilipa kwa pauni 1,000, alijikuta akidaiwa pauni 1,500 bila kukopa hata senti moja zaidi. Kabla hajapumua, bei za mazao zikaporomoka ulimwenguni kote.

Dawa waliyoiona walowezi mnamo 1921 ilikuwa kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Kiwango hicho hakikuokotwa njiani. Ukiondoa thuluthi katika shilingi mbili, unabaki na thamani ile ile ya rupia kabla ya kupandishwa. Mwajiri alikuwa akirudi pale alipokuwa. Lakini kibarua hakuwa na chochote cha kuuza London. Alilipwa kwa rupia, akanunua blanketi kwa rupia, na kodi akaitoa kwa rupia. Kwake thuluthi hiyo ilikuwa hasara tupu.

Kodi yenyewe ilikuwa imepanda mwaka wa 1920 kutoka rupia tano hadi nane, sawa na shilingi 16. Kiasi hicho kilizidi mshahara wa mwezi mzima wa kibarua wa kawaida shambani. Juu ya hayo kulikuwa na kipande, ambacho kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kukivaa shingoni na ambacho kilimfanya mfanyakazi aliyetoroka mwajiri mbaya asakwe kama mhalifu. Vijijini, machifu na askari wao waliwalazimisha hata wanawake na wasichana kwenda kuchuma kahawa ya walowezi.

Thuku na wenzake waliunda Chama cha Vijana wa Kikuyu mnamo Juni 1921, na baada ya wiki chache wakakipanua kuwa Chama cha Afrika Mashariki ili kisiwe cha kabila moja. Mhariri Manilal Desai, kiongozi wa Wahindi, aliwasaidia katika uchapishaji. Badala ya kupitia kwa machifu, Thuku alipeleka malalamiko London moja kwa moja kwa simu ya maandishi, na hatua hiyo ikamgharimu kazi yake Hazina. Alizunguka Kiambu na Murang'a akihimiza watu wakatae kazi za kulazimishwa, na akapendekeza vipande vyote vikusanywe na kumwagwa kwenye lango la Gavana.

Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye maelfu walikusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, Muthoni Nyanjiru akiwa mbele ya wanawake waliowakejeli wanaume kwa woga wao. Polisi wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa katika hoteli ya Norfolk wakajiunga nao. Serikali ilihesabu maiti 21, huku makadirio mengine yakiwa ya juu zaidi. Thuku alihamishwa bila kufikishwa mahakamani, kwanza hadi Kisimayu, kisha Lamu, Witu na Marsabit. Hakuachiliwa hadi mwisho wa 1930. Mwaka ule ule wa mauaji, kodi ilishushwa hadi shilingi 12 na Gavana Edward Northey akaitwa nyumbani.

Aliporejea, alikuta suala jingine la mashamba likingoja: kahawa. Zao hilo lilikuwa limestawi katika ardhi ya Kiambu kwa miongo kadhaa, ila mikononi mwa Wazungu. Mwafrika alizuiwa kulikuza. Sababu zilizotolewa zilikuwa magonjwa ya mimea, ubora, na wizi, maana kama jirani hana mbuni hata mmoja, yeyote atakayepatikana na kahawa atakuwa mwizi. Sababu isiyosemwa kwa sauti ilikuwa vibarua. Mwenye mibuni yake mwenyewe hana haja ya kuamka alfajiri kuchuma ya mwingine kwa senti chache. Majaribio yalianza katikati ya miaka ya 1930, lakini yalifanyiwa Meru, Embu na Kisii, mbali na mashamba makubwa. Kiambu ilisubiri hadi miaka ya 1950.

Kisiasa, Thuku wa wakati huu hakuwa tena yule wa 1922. Alichaguliwa rais wa KCA mnamo 1932, akajitenga nacho mwaka wa 1935 na kuunda chama chake cha msimamo wa wastani. Aliongoza KAU kwa muda mfupi mwanzoni mwake mnamo 1944. Vita vya Mau Mau vilipozuka alivipinga hadharani, jambo ambalo wengi waliolala msituni hawakumsamehe. Ni vigumu kuwalaumu, ingawa haifai kusahau kwamba miaka minane ya uhamisho humfunza mtu tahadhari.

Akabaki mkulima. Mwaka wa 1959 aliingia katika bodi ya Muungano wa Wakulima wa Kahawa, KPCU, akiwa Mwafrika wa kwanza kuketi humo. Kwa miaka mingi meza hiyo ilikuwa ya wenye mashamba, wale ambao wazazi wao walitaka kupunguza ujira kwa thuluthi.

Harry Thuku alifariki Juni 14, 1970. Tawasifu yake, aliyoiandaa kwa usaidizi wa mwanahistoria Kenneth King, ilichapishwa mwaka huo huo.