Teddy Roosevelt: Rais Kipofu wa Jicho Moja Aliyekuja Kuwinda Mlima Kenya na Bunde Tatu

Wacha tuanze na Dallas. Sio ile ya Texas, ni hii yetu ya Embu. Kaa hapo asubuhi na mbogi yako kama hakuna mawingu, Mlima Kenya unakutazama usoni. Halafu fungua stori ya PUBG, uone vile watu watakosana juu ya bunduki ya kuchukua kwanza. Mmoja ataapa na AKM, mwingine atasema SLR juu inapiga moja moja lakini inauma. Dallas ile ingine msee mzima hana rekodi mbaya anaingia dukani, anapitishwa kwa kompyuta ya serikali, anatoka na semi-otomatiki ya ukweli ya kulenga shabaha wikendi. Hapa kwetu sheria haitaki raia ashike AK wala G3, hata ukiwa sonko wa aina gani. So tunabishana tu kwa simu.

Sasa skia. Hii debate ya bunde gani ni ya kwanza, kuna mzae alikuja nayo mpaka huu mlima mwaka wa 1909, na hakuwa mtu mdogo. Alikuwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani. Jina Theodore Roosevelt, ukipenda Teddy. Ndiyo, yule yule wa teddy bear. Mwaka wa 1902 kule Mississippi alikataa kupiga dubu aliyefungwa kwa mti, magazeti yakachora katuni, wafanyabiashara wakatengeneza mdoli. Kumbuka hiyo ya kukataa, juu baadaye utashangaa.

Alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, familia ya pesa, lakini mtoi mwenyewe alikuwa mgonjwa mgonjwa. Asthma ilimshika usiku hadi mbuyu wake anambeba akimtembeza ndio apate pumzi. Akiwa na kama miaka 13 akapewa bunduki yake ya kwanza. Hapo ndipo aibu ilianzia: wenzake wanapiga vitu, yeye hata havioni. Kumbe macho yalikuwa mabovu tangu zamani na hakuna mtu alijua. Akanunuliwa miwani, na dunia ikafunguka. Fikiria bunduki ndiyo ilimfanya ajue haoni.

Maisha yalimpiga mapema. Tarehe 14 Februari 1884, siku ya Valentine, mathe wake na bibi yake Alice walidedi siku moja, nyumba moja. Bibi alikuwa amejifungua siku mbili tu zimepita. Teddy akatoroka mji, akaenda Dakota kuchunga ng'ombe. Akarudi ngumu. 1898 akapigana Cuba. 1901 Rais McKinley akapigwa risasi, Teddy akiwa makamu, akajikuta Ikulu na miaka 42. Kule ndani ya Ikulu alikuwa anapiga ngumi za mazoezi, na ngumi moja ikamharibia jicho la kushoto. Polepole likazima kabisa.

Huyu ndiye mtu aliyeamua kuja kuwinda simba.

Alitua Mombasa Aprili 1909 na kijana wake Kermit. Treni ikiwapeleka bara alikaa kwenye benchi iliyowekwa mbele ya injini, anaangalia wanyama kama wewe unavyoangalia TikTok. Doo ya safari ilitoka kwa matajiri kama Andrew Carnegie, na yeye mwenyewe alilipwa dola 50,000 na jarida la Scribner's aandike stori. Kazi rasmi ilikuwa kukusanya wanyama wa makumbusho ya Smithsonian.

Tuingie kwa bunde sasa, najua ndizo zilikuleta. Ya kwanza ilikuwa Springfield ya .30-06, hiyo ni milimita 7.62, upana sawa na AK lakini risasi yake ni ndefu na ina nguvu zaidi. Ya pili Winchester 1895 ya .405, milimita 10 na kitu, kazi ya fundi John Browning. Hiyo aliiona kama dawa ya simba. Ya tatu ndiyo baba yao: Holland & Holland ya .500/450, midomo miwili, zawadi kutoka kwa mashabiki wake Uingereza. Hii ilikuwa ya ndovu na kifaru.

Cheki, hakuna semi-otomatiki hapo. Na si eti hazikuwepo. Browning huyo huyo alikuwa ameunda Remington Model 8, ilianza kuuzwa 1906, unavuta tu trigger inajikoki. Lakini wawindaji wa ndovu wa siku hizo waliamini ile ya midomo miwili, juu haina mtambo wa kukwama. Risasi ya pili iko tayari hapo hapo. Shida ni kwamba ya tatu haiko.

Hiyo shida alikutana nayo kwa msitu wa mlima huu. Alipanda kutoka upande wa Nyeri akiwa na mwindaji R. J. Cuninghame na Wandorobo waliojua njia. Wakanyemelea ndovu siku kadhaa. Wakampata dume, karibu kabisa, kichwa kinaonekana kwa majani. Teddy akafyatua, risasi ikakosa ubongo kidogo, ndovu akayumba. Akafyatua ya pili, ndovu chini. Mdomo zote mbili tupu sasa. Hapo hapo kichaka kikapasuka, dume mwingine akatokea akija, karibu hivi kwamba angenyoosha mkonga angemshika. Manze! Mzee wa miaka 50, jicho moja, miwani, anaruka nyuma ya mti anafungua bunduki aweke risasi. Cuninghame ndiye alimwokoa, akapiga mbili, ndovu akageuka akapotelea msituni. Usiku huo Teddy alichoma vipande vya moyo wa ndovu kwa moto akamanga.

Baadaye alizunguka mpaka Meru, ambako DC alikuwa Horne, yule Wameru walimwita Kangangi. Embu hakuna stori yake ya kuwinda, lakini usisahau miaka mitatu tu nyuma, 1906, Waingereza walikuwa wameingia Embu na bunduki, na hawakuja kupiga ndovu. Teddy alitembea nchi iliyonyamazishwa tayari.

Wapagazi zaidi ya 200 walibeba mizigo yote, pamoja na maktaba ya vitabu vilivyofungwa kwa ngozi ya nguruwe. Walimwita Bwana Mkubwa mbele yake, na kisirisiri Bwana Tumbo. Kermit akawa Bwana Maridadi. Nawapenda sana hawa watu. Wengi wao majina hayajulikani, utani wao ndio umebaki.

Kule Uasin Gishu aliona Wanandi wakizunguka simba na mikuki na ngao tu. Wawili waliumizwa, simba akafa. Teddy alikaa kwa farasi na bunduki yake akitazama.

Hesabu ya mwisho, yeye na Kermit waliua wanyama wakubwa 512: simba 17, ndovu 11, na vifaru weupe 9 ambao hata wakati huo walikuwa wachache. Mimi hiyo ya vifaru weupe inanikataa. Yule aliyehurumia dubu moja hapa alisahau. Ni kweli Smithsonian walifaidi, lakini tisa? Kenya yenyewe ilipiga marufuku uwindaji 1977.

Alirudi kwao 1910, akataka urais tena. Tarehe 14 Oktoba 1912, Milwaukee, jamaa akampiga risasi kifuani na bastola ya .38. Risasi ikapita kwa kasha lake la miwani la chuma na kurasa nene za hotuba zilizokunjwa mfukoni, ikapunguza kasi. Akapanda jukwaani akiwa anavuja damu, akahutubia zaidi ya saa moja. Madaktari wakaiacha ndani. Alidedi usingizini tarehe 6 Januari 1919, miaka 60, na bado alikuwa nayo kifuani.