Sista Irene Alikwenda Mafungo, Akarudi Gikondi



Katika nyumba nyingi za hapa Nakuru kuna ugomvi ambao haufikishwi kwa padri, kwa sababu hauonekani kuwa dhambi. Mmoja amechoka. Anataka akae peke yake, asiulizwe neno, asiende jumuia Alhamisi jioni. Mwenzake anasema huo ni uvivu, au anaanza kushuku kwamba kuna jambo lingine. Mwezi huu nawaletea maisha ya mtawa. Huenda mkashangaa mtawa anatafuta nini katika ukurasa wa ndoa, lakini nivumilieni kidogo.

Wengi wenu jina lake mlilisikia mkiwa watoto, maana wazee wetu waliohamia Bahati, Subukia, Njoro na Molo kutoka Nyeri walikuja nalo: Nyaatha, yaani mwenye huruma. Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kaskazini mwa Italia, akaitwa Mercede Stefani. Mama yake alifariki yeye akiwa bado msichana, naye akasaidia kuwalea wadogo zake. Kwa hiyo msidhani hakujua uzito wa nyumba. Mwaka 1911 aliingia shirika la Masista wa Consolata, lililokuwa limeanzishwa Turin mwaka uliotangulia na Padri Giuseppe Allamano, ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu Oktoba 2024. Huko akapewa jina la Irene. Mwanzoni mwa mwaka 1915 alishuka melini Mombasa.

Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imewaka. Vijana wetu walichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza. Majina ya Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam yametokana na kikosi hicho cha wachukuzi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa magonjwa. Sista Irene aliwauguza Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Inasimuliwa kwamba huko Kilwa siku moja alimkosa mgonjwa aliyekuwa akimfundisha dini. Akaambiwa amekwisha kufa na kupelekwa ufukweni pamoja na maiti wengine. Sista akaenda mwenyewe, akawageuza wafu mmoja baada ya mwingine mpaka akampata yule mtu angali anapumua, akamrudisha hospitalini.

Vita vilipokwisha, mwaka 1920 alipelekwa misheni ya Gikondi, huko Mukurweini, na hapo alikaa miaka kumi. Anayejua milima ya huko anajua kupanda na kushuka kwake. Yeye aliizunguka kwa miguu, amevaa mabuti makubwa mazito, rozari mkononi. Alifundisha shuleni, akafundisha katekisimu, akawatembelea wagonjwa na wazazi waliojifungua. Wazee wasiojua kusoma walimjia awaandikie barua kwa watoto wao waliokwenda kutafuta kazi mbali, na jibu likija aliwasomea. Fikirini ni watu wangapi walibisha mlango wake kwa siku moja. Mimi ni katekista, najua mlango unaobishwa.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mtulie nami. Mtu huyu aliyehitajiwa na kila mtu alikuwa na saa ambazo hakupatikana. Kanuni ya shirika lake ilimtaka asali asubuhi kabla ya kutoka, na kila mwaka aache shule, wagonjwa na barua, aende mafungo ya kiroho siku kadhaa kwa kimya. Naye alikwenda. Wagonjwa wa Gikondi hawakuisha ndipo akaenda. Aliwaacha wangali wagonjwa. Lakini siku zile zilikuwa na hesabu. Wenzake walijua amekwenda wapi na atarudi lini.

Mwezi wa Septemba 1930 alikwenda mafungo yake ya mwisho. Katika kimya kile alipata hamu ya kumtolea Mungu maisha yake kwa ajili ya misheni. Hata jambo hilo, lililokuwa baina yake na Mungu wake, hakulifanya kimyakimya: aliomba kwanza ruhusa ya mkuu wake wa shirika. Kisha akarudi Gikondi, kwenye mlango uleule na vilima vilevile. Mwezi uliofuata mwalimu mmoja wa huko alishikwa na tauni, ugonjwa ambao watu waliukimbia. Sista Irene alikwenda kumuuguza, akaambukizwa, na tarehe 31 Oktoba 1930 akafariki akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenyeheri pale Nyeri, na masalia yake yamo katika kanisa kuu la huko.

Muujiza uliokubaliwa kwa ajili yake unanigusa kwa namna ya pekee. Januari 1989, wakati wa vita vya Msumbiji, makatekista na jamaa zao walizingirwa kanisani Nipepe kwa siku kadhaa. Wakamwomba Sista Irene, na yale maji machache ya kisima cha ubatizo yakawatosha. Walikuwa pamoja, ndugu zangu.

Nasema hivyo kwa aibu. Mwaka 2019 mimi mwenyewe nilichoka: mazishi, mafundisho, vikao vya ndoa za watu wengine. Nikamwomba padri mwezi mmoja wa kupumzika, naye akanipa kwa moyo mwema. Mwezi ule ukawa miezi saba. Sikumwambia mke wangu nitarudi lini, kwa kuwa sikujua, na kusema kweli sikutaka kujua. Alhamisi alikwenda jumuia peke yake. Mwanzoni aliwaambia nina mafua. Baadaye majibu yalimwishia, akawa anaketi karibu na mlango ili atoke kabla ya salamu. Kuchoka kwangu sikukujutii hata leo. Ninachokijutia ni kile kiti chake cha mlangoni.

Ninyi mnaosoma, kama mwenzako anahitaji siku ya kukaa kimya, mpe, wala usimhoji kama askari. Chukua watoto, pika, pokea simu zake. Nawe unayekwenda, sema unakwenda wapi na utarudi siku gani, kisha urudi siku hiyo hata kama moyo bado ni mzito. Na kama mmegombana, patana naye kwanza. Mafungo yasiwe pahali pa kujificha na hasira.

Siku niliporudi jumuia hakuna aliyeniuliza kitu. Mwenyekiti alinipa benchi nibebe mpaka nyumba ya pili, basi.

Mwezi ujao zamu ya kupokea jumuia ni yetu. Kabla ya hapo mama watoto ameomba siku moja ya kwenda Subukia, kwenye kituo cha Mama Maria, peke yake, arudi jioni. Nauli nimempa, na unga nimekwisha kununua.