Apolo Kivebulaya: Mwinjilisti aliyevuka mto Semliki akiwa na jembe

Katika vipindi vyetu vya dini kuna swali ambalo wasikilizaji huliuliza mara kwa mara. Kanisa la kijijini, lisilo na gari wala mfadhili, litawezaje kupeleka Injili nje ya eneo lake, achilia mbali nje ya nchi? Wengi tumezoea kudhani kuwa umisionari ni kazi ya watu waliokuja kwa meli kutoka Ulaya. Leo tunawaletea maisha ya Mwafrika mmoja, jirani yetu wa ng'ambo ya Ziwa Victoria. Alilipeleka Kanisa la Anglikana kutoka Uganda hadi Kongo, na alifika huko kwa miguu.

Kijana kutoka Buganda

Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda miaka ya 1860. Alikuwa pacha, na jina lake la kwanza lilikuwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Alikua katika kipindi kigumu. Ikulu ya Kabaka Mwanga ilikuwa na mivutano mikali ya dini, na mwaka 1888 mivutano hiyo ikageuka kuwa vita. Apolo alikuwa askari katika miaka hiyo ya machafuko.

Mafundisho ya Kikristo aliyasikia kwa Alexander Mackay, mmisionari Mskoti ambaye baadaye alifukuzwa Buganda na kufariki Usambiro, kusini mwa ziwa, mwaka 1890. Mbegu hiyo ilichukua muda kuota. Apolo alibatizwa Januari 1895, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi. Jina la Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, inaelezwa kuwa alilipata kwa sababu ya koti jekundu la kijeshi alilopenda kulivaa.

Mwaka huohuo wa ubatizo wake alijitolea kwenda kufundisha Toro, magharibi ya Uganda. Hakungoja kusoma miaka mingi. Kile kidogo alichokijua alikwenda kukigawa.

Jembe kabla ya mahubiri

Ng'ambo ya milima ya Ruwenzori na mto Semliki kulikuwa na nchi iliyoitwa Mboga, chini ya chifu Tabaro. Walimu wawili wa Kiganda walikuwa wametangulia kufika huko, lakini walishindwa kukaa. Chifu aliwanyima chakula, na njaa ikawarudisha. Mwishoni mwa 1896 ikawa zamu ya Apolo.

Apolo alijifunza kutokana na yaliyowapata wenzake. Akiwa njiani alinunua jembe. Alipofika alilima shamba lake mwenyewe, na kwa hiyo chifu hakuwa na njia ya kumfukuza kwa njaa. Wakulima wanaotusoma wanajua maana yake: mtu anayekula jasho lake hasemi kwa kumwogopa mwenye ghala.

Hata hivyo, mateso yalikuja. Watu walipoanza kumfuata na kuacha mila ambazo chifu alizitegemea, Tabaro aliamuru apigwe. Alipigwa vibaya mno, akaachwa porini wakidhani amekufa. Mwanamke mmoja alimwokota, akamficha na kumuuguza hadi akapona.

Halafu likaja jambo zito zaidi. Dada yake Tabaro aliangukia mkuki akafa, na Apolo akatupiwa lawama. Alikamatwa, akapelekwa Toro na kufungwa. Miongoni mwa waumini wake hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumtetea. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba akiwa katika kifungo hicho alimwona Kristo katika njozi, aking'aa kama jua, akimtia moyo aendelee kuhubiri. Alipoachiwa kwa kukosekana hatia, angeweza kurudi kwao Buganda, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alirudi Mboga, kwa watu walewale.

Tabaro hakutarajia hilo. Chifu aliyeamuru apigwe sasa alitaka kufundishwa, na mwishowe alibatizwa kwa jina la Paulo.

Mpaka ulipohama

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Kwa miaka kadhaa alihudumu Toro. Wakati huo wakoloni walikuwa wakigawana ardhi, na mipaka ilipopangwa upya Mboga ikawa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Kanisa lile changa likajikuta limetenganishwa na mama yake.

Mwaka 1915 hivi, Apolo alichagua kurudi huko na kukaa moja kwa moja. Alikuwa Mganda anayehudumu katika koloni la taifa jingine, mbali na kanisa lililomtuma. Hakuoa. Mwaka 1922 alipewa heshima ya kuwa kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe, lakini makazi yake yaliendelea kuwa Mboga.

Katika umri huo, wakati wengi hutafuta kupumzika, aliingia katika msitu wa Ituri kuwafuata Wambuti, ambao wengi huwaita mbilikimo. Hawa ni watu waliodharauliwa na majirani zao waliokuwa wakulima na wafugaji. Apolo aliwatembelea katika makambi yao, akajifunza lugha yao, na Injili ya Marko ikatafsiriwa katika lugha hiyo. Alitaka wasikie katika maneno yao wenyewe, si kwa kukopa lugha ya watu waliowadharau.

Kaburi lililoelekea msituni

Apolo alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kwa desturi, Mganda aliyefia ugenini huzikwa akielekezwa nyumbani Buganda. Yeye aliomba kinyume chake: kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, iwe ishara kwamba kazi bado inaendelea mbele.

Na iliendelea. Mboga, ambayo leo huandikwa Boga na iko katika jimbo la Ituri, ilifanywa dayosisi mwaka 1972. Mwaka 1992 Kanisa la Anglikana la nchi hiyo, iliyoitwa Zaire wakati huo, likawa kanisa linalojitegemea. Watu wa Boga wameonja pia mauaji na ukimbizi katika vita vya mashariki ya Kongo, na wengi wamelazimika kuvuka Semliki kwenda Uganda, njia ileile aliyoipita Apolo.

Tukirudi kwenye swali la wasikilizaji wetu, maisha haya yanatupa sehemu ya jibu. Apolo hakuanza na fedha. Alianza na jembe, akakaa na watu muda wa kutosha wamjue, akarudi kwa waliomtesa, kisha akajifunza lugha ya wale ambao wengine waliona haya hata kula nao. Hayo yote yamo ndani ya uwezo wa kanisa la kijijini. Kabla ya kuuliza nauli ya kwenda mbali itatoka wapi, pengine tuulize kwanza ni nani hapa jirani ambaye hatujawahi kuingia nyumbani kwake.