Friedrich Sertürner: Mfamasia Aliyeipatia Kasumba Kipimo

Utangulizi

Neno kasumba ni maarufu miongoni mwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Aghalabu hutumika katika uhakiki kwa maana ya fikra za kigeni zilizomlevya mtu hata akadharau vilivyo vyake. Maana yake ya awali, hata hivyo, ni afyuni, yaani utomvu uliokaushwa wa tunda la mpopi, unaotuliza maumivu, unaoleta usingizi na unaolevya. Katika utomvu huo ndimo ilimotolewa mofini, dawa ambayo leo hutegemewa na wagonjwa wa saratani, waliopasuliwa na walioungua vibaya.

Katika miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka na Uganda, dawa za jamii hii zinaweza kumfikia mtu kwa njia mbili. Ya kwanza ni hospitali, kwa cheti cha daktari, na hapo baadhi ya familia huipokea mofini kwa hofu, zikiamini kuwa ni dawa ya kumharakisha mgonjwa kaburini au ya kumfanya mraibu. Ya pili ni mkono wa mchuuzi. Dereva wa lori aliyekaa katika foleni ya mpakani huku mgongo ukimuuma anaweza kuuziwa vidonge vilivyotolewa katika pakiti yake, asijue jina wala nguvu yake. Wa kwanza huvumilia maumivu yasiyo ya lazima. Wa pili huhatarisha pumzi yake. Wote wawili wamekosa jambo moja, nalo ni elimu ya kipimo. Elimu hiyo ilianza na mfamasia wa Kijerumani, Friedrich Wilhelm Sertürner, ambaye maisha yake yanastahili kujulikana zaidi ya yanavyojulikana.

Kuzaliwa na Kufunzwa Kazi

Sertürner alizaliwa tarehe 19 Juni 1783 huko Neuhaus, karibu na mji wa Paderborn, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake, mwenye asili ya Austria, alikuwa fundi wa majengo katika utumishi wa askofu aliyetawala eneo hilo. Baba huyo alifariki mwanawe angali kijana, na mwaka 1799 kijana akaingia katika duka la dawa la Cramer mjini Paderborn kujifunza kazi. Hakusoma chuo kikuu. Elimu yake ilikuwa ya mizani, kinu, chujio na chupa, na mwaka 1803 alifaulu mtihani uliomruhusu kuwa msaidizi wa mfamasia.

Dukani humo alikutana na tatizo lililowasumbua waganga kwa karne nyingi. Afyuni ilikuwa dawa kubwa ya maumivu, lakini haikutabirika. Utomvu wa shamba moja haukulingana kwa nguvu na utomvu wa shamba jingine. Hata wa shamba lilelile uliweza kubadilika kwa msimu, kwa ukavu wake, au kwa uchafu uliochanganywa na wafanyabiashara. Mganga aliyempa mgonjwa kiasi kilekile cha jana aliweza leo kumwacha akilia kwa maumivu, na kesho kumlaza usingizi asioamka tena. Mizani haikuwa na kosa. Kasoro ilikuwa katika kitu kilichopimwa, kwani nguvu yake haikujulikana.

Ugunduzi

Akifanya kazi kwa vifaa vya kawaida vya duka la dawa, Sertürner aliloweka afyuni katika maji na asidi, akachuja, kisha akatia amonia. Chini ya chombo zikatuama fuwele zisizo na rangi. Aliwapa mbwa na kuwaona wakilala, na baadhi wakafa. Akatambua kuwa nguvu yote ya usingizi ya afyuni ilikuwa imekusanyika katika fuwele hizo. Matokeo yake ya mwanzo yalichapishwa mwaka 1805 na 1806 katika jarida la Trommsdorff, lililosomwa na wafamasia wa Kijerumani.

Wanakemia hawakuyajali. Mwandishi alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, asiye na shahada, na alidai jambo lililokwenda kinyume na elimu ya wakati ule. Alisema kuwa mmea unaweza kutoa kitu chenye tabia ya besi, ilhali wataalamu walizoea kuona asidi tu. Isitoshe, Wafaransa Derosne na Séguin nao walikuwa wameichunguza afyuni karibu wakati huohuo, na suala la nani aliyetangulia likazua mabishano.

Mwaka 1806 alihamia mji wa Einbeck, na mwaka 1809 akafungua duka lake mwenyewe. Zilikuwa siku za utawala wa Wafaransa katika sehemu hizo, na leseni yake ilitokana na utawala huo. Alipochoka kusubiri kusikilizwa, akarudia majaribio yake kwa ukamilifu zaidi, na safari hii akayafanya kwa binadamu.

Jaribio la Hatari

Sertürner aliwaita vijana watatu, hakuna aliyezidi umri wa miaka 17, naye mwenyewe akawa wa nne. Kila mmoja alikunywa nusu grini ya fuwele zilizoyeyushwa, kiasi cha miligramu 30 hivi. Nyuso zikawaiva. Baada ya nusu saa wakanywa nusu grini nyingine, wakaona kichefuchefu na kizunguzungu. Robo saa baadaye, bila kusubiri kipimo cha pili kimalize kazi yake, wakameza cha tatu. Tumbo likawauma vikali, miili ikalegea, na wote wakakaribia kuzirai. Mwenyewe, akiwa amelala katika hali ya ndoto, alitambua kuwa wamejitia sumu. Aliwanywesha siki kali ili watapike, na wote wakanusurika.

Inafaa kutua hapa na kuhesabu. Kila mmoja alimeza takriban miligramu 90 katika muda wa dakika 45. Leo mtu mzima ambaye hajawahi kutumia mofini kwa kawaida huanzishwa kwa miligramu 2.5 hadi 5 za kunywa, kisha husubiri saa nne kabla ya kipimo kinachofuata. Yaani watu wale wanne walikunywa mara 18 au zaidi ya kipimo cha kuanzia, na waliharakisha. Kosa la kuharakisha ndilo linalorudiwa hadi leo na mtu anayemeza kidonge, akaona maumivu hayajaisha, akaongeza kingine kabla cha kwanza hakijafika damuni.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1817 katika jarida la Gilbert. Sertürner aliiita dawa yake kwa jina la Morpheus, mungu wa ndoto katika visasili vya Kiyunani. Safari hii mwanakemia mkubwa wa Ufaransa, Gay-Lussac, aliisoma kazi hiyo, akatambua uzito wake na kuieneza kwa Kifaransa. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Jena kilimtunuku shahada ya udaktari. Mlango wa kemia ya mimea ukafunguka. Mwaka 1820 Pelletier na Caventou walitoa kwinini katika gome la msinkona, dawa iliyokuja kuokoa maisha ya watu wengi wa malaria, wakiwemo wa ukanda wa Ziwa Viktoria.

Miaka ya Mwisho

Sifa haikumletea utulivu. Wafaransa walipokwisha kuondoka, leseni waliyompa ilipoteza nguvu, naye akapoteza duka lake la Einbeck. Wakazi wa mpakani hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili, kwani wanajua namna karatasi iliyo halali chini ya serikali moja inavyoweza kuwa si kitu chini ya nyingine. Alihamia mji wa Hameln, akanunua duka la dawa na kulihudumu hadi kufa. Mwaka 1831 Taasisi ya Ufaransa ilimpa tuzo ya faranga 2000. Mwaka huo pia, kipindupindu kilipokuwa kikiienea Ulaya, alitoa rai kuwa ugonjwa huo husababishwa na kitu hai kinachojizidisha chenyewe. Rai hiyo nayo haikupewa uzito, ingawa baadaye ilithibitika. Alifariki tarehe 20 Februari 1841, akazikwa Einbeck.

Dawa Baada ya Mgunduzi

Mwaka 1827 duka la Merck huko Darmstadt lilianza kuiuza mofini kwa wingi. Katika miaka ya 1850 sindano ikabuniwa, na dawa ikaanza kuingizwa mwilini moja kwa moja. Faida ilikuwa kubwa, na madhara pia. Uraibu ulienea Ulaya na Marekani, na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ikauza heroini kama dawa ya kikohozi. Hofu iliyozaliwa na madhara hayo ikazaa sheria kali, na sheria hizo, pamoja na wema wake, zikawanyima dawa wagonjwa wengi wenye haki nayo.

Mizani ilianza kurejeshwa mwaka 1967, Cicely Saunders alipofungua Hospisi ya St Christopher's mjini London. Yeye alisisitiza kuwa mgonjwa anywe dawa kwa saa zilizopangwa, kabla maumivu hayajarudi, badala ya kungoja alie. Afrika Mashariki ilifuata. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990. Daktari Anne Merriman, aliyefanya kazi hapo, alivuka kwenda Kampala na mwaka 1993 akaanzisha Hospisi ya Afrika Uganda. Huko mofini ya unga ilichanganywa na maji safi na kihifadhi ikawa dawa ya kunywa ya bei nafuu, ikatiwa rangi kulingana na nguvu yake ili hata asiyejua kusoma asiichanganye. Tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda imewaruhusu wauguzi na matabibu wenye mafunzo maalumu kuiandika. Busia iko karibu zaidi na Kampala kuliko Nairobi. Hivyo kazi ya Sertürner iliwafikia majirani wa mpaka huu mlango wa pili tu.

Kipimo na Lugha

Kipimo hakiishi katika chupa pekee. Hukaa pia katika maneno. Busia na Malaba ni miji ya Wateso, Wakhayo, Wasamia na wageni wa kila pembe, na Kiswahili ndicho kiungo chao. Muuguzi anayesema mgonjwa anywe kila saa nne anaweza kueleweka kuwa ameagiza dawa inywewe saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mgonjwa huyo atapata vipimo viwili kwa siku, na maumivu yatamtesa katikati. Wengi hulikwepa tatizo hili kwa kusema masaa manne, umbo ambalo walimu wa sarufi hulikataa. Lililo salama ni kuzitaja saa zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, kisha saa nne usiku, ambapo wahudumu wa hospisi aghalabu huagiza kipimo maradufu ili mgonjwa alale hadi asubuhi. Kadhalika neno kijiko halitoshi, kwa kuwa vijiko vya nyumbani hutofautiana. Bomba la sindano lisilo na ncha, lililotiwa alama ya mililita, ni sahihi zaidi.

Maelezo mengine nayo yanahitaji Kiswahili kisichoyumba. Kipimo kilichosahauliwa hakifidiwi kwa kunywa viwili pamoja. Dawa ya mgonjwa mmoja haigawiwi mwingine, hata kama maumivu yanafanana. Haichanganywi na busaa, chang'aa, waragi wala vidonge vya usingizi, maana vyote hupunguza pumzi. Hufunga choo, na kwa hiyo huambatanishwa na dawa ya kulainisha. Haikatizwi ghafla baada ya kutumika kwa muda mrefu. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa ushauri wa daktari. Huwekwa mahali pa juu, penye kufuli, hasa ikiwa imetiwa katika chupa iliyokuwa ya maji, ambayo mtoto mwenye kiu hataitilia shaka. Iliyobaki baada ya mgonjwa kupona au kufariki hurudishwa hospitalini. Anayevuka mpaka abebe cheti chake na chupa yenye lebo. Na mgonjwa asiyeamshika, anayepumua polepole mno, mboni za macho zikiwa zimenywea kama ncha ya sindano, akimbizwe hospitali bila kuchelewa, kwani ipo dawa ya kuzimua, naloksoni, inayofaa tu ikiwahi.

Kuhusu uraibu, hatari ipo na haifai kufichwa. Hata hivyo, mgonjwa anayepewa kiasi kinacholingana na maumivu yake, chini ya uangalizi, hayuko katika hali moja na mtu anayetafuta ulevi. Kumnyima wa kwanza kwa sababu ya wa pili ni kuwaadhibu wasio na hatia.

Hitimisho

Sertürner hakuivumbua nguvu ya kuondoa maumivu. Nguvu hiyo ilikuwamo katika mpopi tangu kale. Alichokitoa ni uwezekano wa kujua kiasi, na karibu alipe uwezekano huo kwa maisha yake na ya vijana watatu. Tangu hapo mofini imekuwa dawa kwa anayeipima na sumu kwa anayeikisia. Kwa wataalamu wa Kiswahili, wajibu unaobaki ni wao: kuhakikisha kwamba kipimo kilichopatikana kwa gharama hiyo hakipotei njiani, kati ya kalamu ya daktari na sikio la mgonjwa. Jamii inayoogopa mofini bila kuijua, au inayoimeza bila kuipima, bado imo katika kasumba, kwa maana zote mbili za neno hilo.