Mzee wa tambi: alifilisika na miaka 47, akaanzia bandani

Leo siongelei Bunge wala viwanja. Naongelea tambi. Usicheke kwanza, soma mpaka mwisho.

Kuna kibanda kimoja maeneo ya Sabasaba ambapo mama mmoja anapika chipsi mayai na tambi za pakiti usiku. Si unajua mtaani zote tunaziita Indomie hata kama pakiti ina jina jingine. Anachemsha maji, anakatia kitunguu, hoho na karoti, anapasulia yai, na kabla hujamaliza kusalimiana na watu wa benchi lako, sahani imefika. Pilipili unajiwekea mwenyewe. Huo mvuke wake kwenye baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba, acha kabisa.

Mwaka jana nilikula pale karibu kila usiku, na haikuwa kwa sababu ya utamu. Nilikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Wakopaji wachache wakubwa hawakurudisha, kikundi kikafa, na saini iliyokuwa chini ya kila karatasi ni yangu. Nikauza pikipiki, nikauza friji, deni bado likawepo. Ukifika hapo unatafuta sehemu ya kula ya bei rahisi, yenye giza kidogo, ambayo wanachama wenzako hawapiti.

Usiku mmoja nikawa najiuliza, hivi hiki kitu aliyekianzisha ni nani? Kesho yake nikaingia mtandaoni kutafuta, na ndo nikakutana na mzee anaitwa Momofuku Ando. Wengi tunajua ni Mjapani aliyetajirika kwa tambi. Yale mengine aliyopitia ndo yamenifanya niandike.

Kwanza kabisa, hakuzaliwa Japani. Alizaliwa Taiwan tarehe 5 Machi 1910, wakati kisiwa hicho kilikuwa koloni la Japani, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Go Pek-hok. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, akalelewa na babu na bibi yake mjini Tainan, watu waliokuwa na duka la vitambaa. Biashara alijifunzia hapo dukani. Akiwa na miaka 22 akafungua kampuni yake ya nguo, na mwaka 1933 akahamia Osaka. Uraia wa Japani wa baada ya vita aliupata mwaka 1966 tu. Yani sehemu kubwa ya maisha yake kule alikuwa mtu wa kuja, kama wengi wetu tulivyo hapa mjini.

Vita Kuu ya Pili ikamkuta Osaka. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba polisi wa jeshi walimshika wakimtuhumu wizi wa vifaa vya serikali, wakampiga, na kule rumande chakula kilikuwa kibovu mno. Vita vilipoisha mwaka 1945 Osaka ilikuwa majivu. Jioni moja ya baridi akapita karibu na stesheni ya Umeda akaona foleni ndefu ya watu wamechoka, nguo zimechakaa, wanasubiri bakuli la rameni kwenye kibanda cha mtu. Rameni ni hizo tambi za ngano kwenye supu ya moto, chakula kilichoingia Japani kutoka kwa Wachina. Ile foleni haikumtoka kichwani, ingawa ilimchukua zaidi ya miaka kumi kuifanyia kazi.

Sisi wa Ugogo jambo hilo tunalielewa bila kufundishwa. Wazee wetu walituachia habari ya njaa ya Mtunya, ile ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana kwa ajili ya vita vyao, halafu mvua ikagoma. Watu walikufa kwa maelfu. Aliyewahi kusimuliwa Mtunya na bibi yake anajua kwamba chakula kinachokaa ghalani ni uhai.

Turudi kwa mzee. Mwaka 1948 alipatikana na hatia ya kukwepa kodi, akafungwa kama miaka miwili. Alijitetea kwamba pesa zile alikuwa anasomeshea vijana. Simtetei, nasema yaliyotokea. Akatoka, akajipanga tena. Kisha wakamwomba awe mwenyekiti wa chama kimoja cha kukopeshana pale Osaka. Akakubali. Mwaka 1957 kile chama kikafilisika, na mzigo ukamwangukia mwenyekiti. Alibakiwa na nyumba yake ya kupanga mjini Ikeda na vitu vichache vya ndani. Alikuwa na miaka 47.

Hapo ndugu zangu niliweka simu chini kwanza. Mwenyekiti. Chama cha kukopeshana. Nikaenda kunywa maji, nikarudi kusoma.

Alichofanya ni hiki. Alijenga banda dogo nyuma ya nyumba, akatafuta mashine ya mitumba ya kutengeneza tambi, unga, mafuta na karai. Akajiwekea masharti: tambi ziwe tamu, zikae muda mrefu bila kuharibika, zipikike kirahisi, ziwe za bei nafuu na ziwe salama. Karibu mwaka mzima akafanya kazi humo peke yake, analala kama saa nne kwa usiku. Alikuwa anatengeneza, anatupa, anatengeneza tena. Supu akiichanganya kwenye unga, tambi zinakatika. Mwisho akagundua ni bora kuzipika kwa mvuke kwanza, halafu anazinyunyizia supu kwa lile kopo la kumwagilia maua.

Ikabaki shida ya kuzikausha. Inasimuliwa kwamba alimwona mke wake, Masako, anakaanga tempura, vile vitafunwa vya kuchovya kwenye unga. Kinapoingia kwenye mafuta ya moto, maji yote yanatoka kwa kasi na yanaacha vitundu vidogo vidogo. Akajaribu na tambi. Zikakauka haraka, na ukizimwagia maji ya moto, maji yanarudi kupitia vile vile vitundu na tambi zinalainika.

Mwenye bibi Mvumi au Chamwino hapo anatabasamu. Majani ya mlenda si tunayaanika juani wakati wa masika ili tule kiangazi? Unaondoa maji ili kisioze, siku ya kula unayarudisha. Mzee yeye alitumia mafuta badala ya jua, na badala ya miezi akataka dakika mbili.

Tarehe 25 Agosti 1958 bidhaa ikaingia sokoni kwa jina la Chikin Ramen, ladha ya kuku. Kuku alikuwa na faida yake, maana Muislamu anakula, Mhindi asiyegusa ng'ombe anakula. Bei ilikuwa yeni 35, wakati tambi mbichi za kawaida aina ya udon zilikuwa kama yeni 6. Wenye maduka ya jumla waliziona ghali na hawakuamini. Wateja walipoonja wakarudi wenyewe. Mwisho wa mwaka huo kampuni ikaitwa Nissin, jina linalotumika hadi leo. Umri wake ulikuwa miaka 48.

Sasa tuwe wakweli, maana humu kuna wachambuzi. Wapo wanaosema hakuwa wa kwanza. Taiwan kulikuwa tayari na tambi za kukaangwa, na mwaka 1961 alinunua hataza ya mtu mwingine aliyekuwa amewahi kuomba haki ya uvumbuzi unaofanana na wake. Mabishano hayo hayajaisha. Mimi naona hivi: tambi za kukaanga huenda walikuwepo wengi wanaozijua, ila kuzifanya zitoke kiwandani, zikae dukani na zikubalike, hiyo alifanya yeye. Kitu kingine, mwaka 1964 alikusanya wenye viwanda kwenye chama kimoja na kuwaruhusu watumie hataza kwa leseni, badala ya kugombana nao mahakamani maisha yote.

Mwaka 1966 akaenda Marekani kutafuta soko. Akawapa wanunuzi wa duka kubwa waonje. Hawakuwa na bakuli, wakavunja tambi, wakatia kwenye kikombe cha karatasi, wakamwaga maji ya moto wakala kwa uma. Mwingine angeona anadharauliwa. Yeye aliona bidhaa mpya, na tarehe 18 Septemba 1971 ikatoka Cup Noodle, tambi ndani ya kikombe chake. Mwanzoni iliuzika taratibu. Februari 1972 polisi wa Japani walikuwa wamezingira nyumba moja milimani ambako watu wenye silaha walishikilia mateka, baridi kali, na televisheni ikaonyesha nchi nzima askari wanakula tambi za kikombe zinazotoa mvuke. Hapo tena hakuna aliyeuliza ni kitu gani.

Akiwa na miaka 95, mwaka 2005, kampuni yake ilitengeneza tambi za kuliwa angani, na mwanaanga Soichi Noguchi akapaa nazo kwenye chombo cha Discovery. Mzee alifariki tarehe 5 Januari 2007 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 96. Mwaka 2023 dunia ilikula pakiti na vikombe takribani bilioni 120 vya tambi za aina hiyo, za kampuni mbalimbali, pamoja na zile za kibanda chetu cha Sabasaba.

Angalizo kwa wanachuo wa UDOM: msizigeuze chakula cha kila siku. Chumvi ni nyingi, mafuta yapo, virutubisho ni vichache. Weka yai, weka mchicha, na siku nyingine kula ugali wa uwele na mlenda kama binadamu.

Na angalizo jingine, hili ni langu mimi. Sisemi kila aliyefilisika atakuwa tajiri. Wengi hawakuwa, na majina yao hatuyajui. Mzee alikuwa na nyumba ya kuishi, mke aliyevumilia na uzoefu wa biashara wa miaka 25. Kilichonigusa ni kitu kidogo zaidi. Hakukimbia Osaka. Alibaki hapo hapo walipomjua, banda nyuma ya nyumba, majirani wanaona moshi unatoka usiku, na akaendelea.

Siku hizi kwenye kile kibanda naenda mchana. Wiki iliyopita mwanachama mwenzetu mmoja alinikuta pale. Nikamsogezea nafasi kwenye benchi, nikamlipa sehemu ya pesa yake, kidogo, na tukaandikiana tarehe ya kiasi kinachofuata. Tukala kimya. Pilipili ilikuwa kali kweli.

Nawakilisha. Aliyewahi kuanguka akaanza upya, hasa hapa Dodoma, atupe uzoefu kwenye maoni hapo chini. Matusi hayapiti.