Fridtjof Nansen: Bingwa wa skii aliyewapa wakimbizi pasi

Na Mwandishi Wetu, Rusizi

DESEMBA inapofika, mazungumzo ya watu wa Rusizi huwa ni mvua na utelezi wa njia za kushuka kutoka Kamembe kwenda ziwani. Mwezi huo huo, huko Norway, kaskazini mwa Ulaya, theluji hufunika kila kitu, na wazee hupanda darini kushusha skii zao za zamani.

Kwa msomaji asiyezijua, skii ni mbao mbili ndefu na nyembamba, zilizopindwa ncha kwa mbele, ambazo mtu hujifunga miguuni ili ateleze juu ya theluji bila kuzama. Ni kama mtumbwi unavyombeba mvuvi wa Ziwa Kivu, ila huku kila mguu una mtumbwi wake.

Skii za siku hizi hutengenezwa kwa plastiki na nyuzi za kaboni. Wazee, hata hivyo, hawaachi kuzisimulia zile za mbao: harufu ya lami ya msonobari iliyopakwa chini yake, mikanda ya ngozi iliyokazwa kwa vidole vilivyokufa ganzi, na fimbo moja ndefu iliyotumiwa na babu zao kabla ya mtindo wa fimbo mbili kuenea.

Katika masimulizi hayo kuna jina moja ambalo halikosekani, nalo ni la Fridtjof Nansen. Mtu huyu alifariki dunia mwaka 1930, lakini kazi yake ya mwisho inawagusa watu wa mpakani kama sisi kuliko inavyowagusa wacheza skii.

Mtoto wa theluji

Nansen alizaliwa Oktoba 10, 1861, karibu na mji wa Christiania, ambao leo unaitwa Oslo. Baba yake alikuwa mwanasheria. Mama yake alitoka katika ukoo wa kibwana, lakini alipenda michezo ya nje na aliwazoesha watoto wake theluji tangu wakiwa wadogo.

Chuo kikuu alisoma elimu ya wanyama, kisha akaajiriwa katika jumba la makumbusho la Bergen, mji wa pwani ya magharibi. Mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 22, alivuka milima kwa skii katikati ya majira ya baridi kutoka Bergen hadi Christiania ili akashiriki mashindano ya kuruka. Wengi waliona huo ni wazimu, lakini alifika salama.

Safari hiyo ilimfungua macho. Aliona kwamba mtu mwenye vifaa vyepesi na mwili uliozoea baridi anaweza kufika mahali ambapo msafara mkubwa wenye mizigo mingi ungekwama.

Kuvuka Greenland

Mwaka 1888 aliamua kuvuka Greenland, kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani, ambacho sehemu kubwa yake imefunikwa na barafu. Waliomtangulia walianzia pwani ya magharibi yenye makazi, na wote walirudi njiani. Nansen alitaka kuanzia mashariki, ambako hakukuwa na bandari wala duka. Akishaachwa na meli, chakula na usalama vingekuwa upande wa pili tu.

Walikuwa watu sita. Wanne walikuwa Wanorway, mmoja wao akiwa Otto Sverdrup, na wawili, Samuel Balto na Ole Ravna, walikuwa wa jamii ya Wasami wa kaskazini ya mbali. Walichukua jozi tisa za skii, mbili za mwaloni na saba za mti wa betula. Mizigo waliiweka kwenye sleji tano, yaani vitanda vya mbao vinavyoburutwa juu ya theluji. Sleji hizo Nansen alizibuni mwenyewe, na fremu zake zilifungwa kwa kamba ili ziwe nyepesi na zipinde bila kuvunjika.

Mambo yaliharibika mapema. Vipande vya barafu baharini viliwachukua na kuwasukuma mamia ya kilomita kusini mwa pale walipokusudia kutua. Walipoanza kupanda Agosti 15, majira yalikuwa yamekwenda. Walifika zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi ilishuka hadi nyuzi 40 na zaidi chini ya sifuri.

Njaa ya mafuta iliwatesa kwa sababu nyama kavu waliyobeba ilikuwa imeondolewa mafuta. Kiu nayo iliwatesa huku wamezungukwa na maji yaliyoganda. Hata hivyo, Oktoba 3, Nansen na Sverdrup waliingia Godthaab, mji ambao leo unaitwa Nuuk, wakiwa ndani ya kijimashua walichokiunda kwa turubai na matawi. Wenzao waliletwa baadaye.

Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1890 na kilisomwa Ulaya nzima. Watu wa milima ya Alps, ambao hawakuwa na mazoea ya skii, walianza kuagiza mbao hizo kutoka Norway. Mchezo huo ulienea haraka kiasi kwamba mwaka 1912, Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda nazo hadi Kilimanjaro. Mpaka leo barafu mojawapo ya kileleni humo inaitwa Furtwängler.

Meli ndani ya barafu

Mwaka 1893 Nansen aliondoka tena na meli iitwayo Fram, yenye tumbo la mviringo ili barafu ikiibana iinyanyue badala ya kuivunja. Aliiacha igande kwa makusudi, akitumaini mkondo wa bahari ungeisogeza hadi Ncha ya Kaskazini. Safari hii aliboresha jiko lake: chungu ndani ya chungu, ili joto lililopika chakula lipite pembeni na kuyeyusha theluji ya kunywa. Wasafiri wengi wa barafuni waliliiga.

Mkondo ulikwenda polepole mno. Machi 1895 aliiacha meli na mwenzake mmoja, Hjalmar Johansen, wakaenda kwa skii, sleji na mbwa. Aprili walifikia digrii 86 na dakika 14 kaskazini, mahali ambapo hakuna binadamu aliyejulikana kufika kabla yao, kisha wakageuka. Mbwa waliuawa mmoja baada ya mwingine ili kuwalisha waliobaki. Majira ya baridi waliyapitisha ndani ya kibanda cha mawe na ngozi, wakila nyama ya dubu, hadi walipokutana na msafara wa Waingereza Juni 1896.

Watu wasio na nchi

Nansen angeweza kula umaarufu wake hadi uzeeni. Badala yake, Norway ilipojitenga na Sweden mwaka 1905, alisaidia kutetea uhuru huo, na mwaka uliofuata akawa balozi wa nchi yake London. Mke wake Eva, mwimbaji na mpenda skii kama yeye, alifariki mwaka 1907, akamwachia watoto watano.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Umoja wa Mataifa wa wakati ule, uliokuwa na makao yake Geneva, ulimpa kazi ya kuwarudisha makwao wafungwa wa vita. Kati ya mwaka 1920 na 1922, zaidi ya watu 400,000 walirudi. Njaa ilipoikumba Urusi mwaka 1921, aliziomba serikali mkopo zikakataa, akazunguka kuomba michango kwa watu binafsi. Wengi waliokolewa, lakini mamilioni walikufa.

Mwaka huo huo aliteuliwa Kamishna Mkuu wa wakimbizi wa Urusi. Hawa walikuwa zaidi ya milioni moja, na serikali mpya ya nchi yao ilikuwa imewavua uraia. Bila hati hawakuweza kuvuka mpaka wala kufuata kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walitaka jembe, lakini sheria haikuwaruhusu kufika shambani.

Julai 1922 serikali kadhaa zilikubaliana Geneva juu ya hati iliyokuja kuitwa pasi ya Nansen. Ilikuwa karatasi moja tu. Haikutoa uraia, na mwanzoni haikumhakikishia mtu kurudi katika nchi iliyoitoa. Lakini ilisema huyu ni nani, na nchi zaidi ya 50 hatimaye ziliitambua. Mwanamuziki Igor Stravinsky na mchoraji Marc Chagall waliwahi kuitumia. Mwaka 1924 Waarmenia nao waliingizwa.

Nansen alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1922, na fedha zake akazitoa kwa kazi za misaada. Si yote aliyofanya yanasifiwa. Alikuwa miongoni mwa walioshughulikia mpango wa Ugiriki na Uturuki kubadilishana watu, ambao uling'oa zaidi ya watu milioni moja makwao bila hiari yao. Alifariki Mei 13, 1930, nyumbani kwake karibu na Oslo, na akazikwa Mei 17, siku ya taifa ya Norway.

Karatasi na uhai

Wanyarwanda hawahitaji kufundishwa uzito wa karatasi. Vitambulisho vyenye kabila, vilivyoletwa na wakoloni wa Kibelgiji miaka ya 1930, vilitumika kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994 kuamua nani auawe katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Na tangu mwaka 1959 wako waliovuka Mto Rusizi wakikimbia bila hati yoyote mkononi.

Mwaka 1983 tuzo ya wakimbizi yenye jina la Nansen alipewa Mwalimu Julius Nyerere. Tanzania ilikuwa imewapokea wakimbizi wa Rwanda na kuwapa maelfu yao uraia, nao wakalima na kuzeeka huko kama wenyeji.

Hati ya kusafiria ambayo mkimbizi hupewa leo, kwa mujibu wa Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ni mtoto wa ile karatasi ya mwaka 1922. Skii za Nansen zimebaki kumbukumbu, lakini hati hiyo bado inafanya kazi. Mtu anayeikunjua mbele ya afisa wa mpaka huenda hajawahi kuiona theluji, wala kumsikia mzee aliyeianzisha.