Yusuf bin Hassan: Mfalme Aliyelelewa na Adui wa Babake

Msomaji akitoka sokoni Mwembe Tayari, akashika njia ya Mji wa Kale hadi Ngomeni, ataona juu ya lango la Fort Jesus maandishi ya Kireno ya mwaka 1635. Yanamsifu kapteni aliyeijenga upya ngome na kuutiisha mwambao. Aliyesababisha haja ya kutiishwa huko ni Yusuf bin Hassan.

Babake, Sultani Hassan wa ukoo wa Malindi, alitawala Mombasa chini ya Wareno. Alikosana nao, akakimbilia bara, na huko akauawa mwaka 1614 na watu waliohongwa na Wareno hao hao. Kichwa chake kilipelekwa Goa. Mwanawe, mtoto wa miaka kama saba, naye akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Agostino na kubatizwa Dom Jerónimo Chingulia.

Mbinu hiyo ni kongwe. Roma ilimchukua Juba wa Pili akiwa mtoto mchanga, baada ya babake kushindwa mwaka 46 K.K., ikamsomesha, kisha ikampa ufalme wa Mauretania, nchi ya Wamori iliyokuja kugeuzwa jimbo la Kirumi. Juba alikuwa mtiifu hadi kufa. Bila shaka Wareno walimtaraji Juba wao walipomrejesha Yusuf Mombasa, mwaka 1626, awe mfalme.

Lakini palikuwa na kaburi. Inasimuliwa kwamba Yusuf alikuwa akienda kwa siri kumwombea babake Kiislamu, habari zikamfikia kapteni Pedro Leitão de Gamboa, naye akakusudia kumpeleka Goa akahukumiwe. Yusuf alimtangulia. Mnamo Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akatwaa mji na kurejea Uislamu.

Wanaomwita shujaa hulipita haraka lililofuata, nami sioni vipi linapitika: hawakuuawa Wareno pekee, bali pia wenyeji waliobatizwa waliokataa kuiacha dini yao mpya. Yeye mwenyewe ameiacha juzi tu.

Mapema mwaka 1632 merikebu za Goa ziliizingira ngome zikashindwa. Hata hivyo, mwaka huo huo Yusuf aliihama Mombasa kwa merikebu aliyoiteka, akawa haramia wa baharini. Alifia Jeddah mwaka 1638, miaka sitini kabla ya Waomani kuwatoa Wareno Ngomeni.